Mama Kulwa, wanataka twende laivu

Kirumba, Mwanza
Jumapili jioni

Mama Kulwa mpendwa,

Habari za Bukoba? Sisi hatujambo, joto tu, na dagaa wamepanda bei utadhani wanaletwa kwa ndege. Nimekuwa kimya, najua, lakini usininunie. Ujumbe wangu wa Pasaka hujaujibu mpaka leo, kwa hiyo tumetoka sare.

Haya, salamu zimetosha. Nina jambo.

Bosi ameamua kwamba sehemu ya kufunga mwaka ya mchezo wetu wa redio irushwe laivu. Laivu, mwenzangu! Hakuna kurekodi, hakuna kurudia, hakuna "ngoja nikohoe kwanza". Alitutangazia kikaoni kwa furaha kama mtu anayegawa posho, halafu akamalizia, "Hata Wazungu kwenye tamthilia zao wanafanya." Tukanyamaza wote, isipokuwa Baba Pendo, aliyeuliza kama na malipo nayo yatakuwa laivu. Unamjua.

Kwa hasira nikaingia kwenye simu usiku uleule nikitafuta ushahidi kwamba bosi anatudanganya. Hadanganyi. Ila zamani wenzetu hawakufanya kwa kupenda, hawakuwa na jinsi. Kule Marekani, *As the World Turns* ilianza Aprili 1956 ikirushwa laivu, nusu saa kila siku ya kazi, na ikaendelea hivyo mpaka 1975. Mashine ya kurekodi picha kwenye tepu ndiyo kwanza ilitoka mwaka huohuo wa 1956, na moja iliuzwa zaidi ya dola 40,000. Na ukishaipata, ukitaka kuondoa kosa inabidi uikate tepu kwa wembe na kuiunga. Nani ahangaike hivyo kwa mchezo wa mchana unaodhaminiwa na watengeneza sabuni? Afadhali mtu akikosea aendelee mbele, na kesho ni siku nyingine. Waingereza nao, *Coronation Street* ilipoanza Desemba 1960, baadhi ya sehemu zake zilikwenda hewani moja kwa moja.

Kuna kisa kimoja kilinifukuza usingizi. Novemba 22, 1963, hiyo *As the World Turns* ikiwa hewani, sauti ya mtangazaji wa habari Walter Cronkite ikaikatiza kutangaza kwamba Rais Kennedy amepigwa risasi. Waigizaji mle studio hawakuambiwa. Wakaendelea na maneno yao ya nyumbani, za chakula na za watoto, na huku nje hakuna anayewasikiliza tena. Hebu fikiria ni sisi.

Lakini hiyo ni zamani. Siku hizi kurekodi hata mtoto anarekodi kwa simu, na bado wanarudi kwenye laivu kwa hiari yao, tena kwa gharama na mazoezi mengi kuliko kawaida. Ndipo nilipotaka kujua wanatafuta nini. Sababu moja ni ileile ya bosi: watu wengi kwa mpigo. Tamthilia ya Marekani, *One Life to Live*, mwaka 2002 ilikwenda laivu wiki nzima mwezi Mei, na Mei ulikuwa mmoja wa miezi ambayo watazamaji kule walihesabiwa ili bei za matangazo zipangwe. Wengine hungoja sherehe. *Coronation Street* ilipotimiza miaka 50, Desemba 2010, ilirusha saa nzima laivu, mtaa wao ukiwa magofu baada ya tramu, ile treni yao ya mjini, kuangukia nyumba. *Emmerdale*, ya Waingereza pia, nayo ikafanya Oktoba 2012, ilipofika miaka 40. Hayo ya sherehe siyapingi, ila hayanisaidii.

Kilichonigeuza ni *EastEnders*, tamthilia nyingine ya Waingereza, ya Februari 19, 2010, ilipotimiza miaka 25. Tangu Krismasi nchi nzima ilikuwa inabishana ni nani mle mchezoni aliyemuua Archie Mitchell. Jibu likatolewa laivu: Stacey. Na Lacey Turner, aliyemwigiza huyo Stacey, aliambiwa kwamba muuaji ni yeye zikiwa zimebaki kama dakika 30 tu kuingia hewani! Watu zaidi ya milioni 15 walitazama. Umeelewa ujanja wao? Sehemu ikirekodiwa mapema, wanaojua siri ni waigizaji, wapiga picha, wahariri, mafundi, na wake na waume zao. Ukienda laivu siri haipati muda wa kutembea.

Sasa rudi kwetu. Ile sehemu ya nani aliiba injini ya mtumbwi wa Mzee Lufunga, tuliirekodi katikati ya wiki irushwe Jumamosi. Kabla haijarushwa nikaenda Mwaloni kununua sato, muuzaji akanishika mkono mbele za watu: "Hivi nyie, kwa nini shemeji yake ndiye awe mwizi?" Nilitamani ardhi ipasuke. Aliyevujisha hajapatikana, ila mimi na wewe tunamjua, na bado anachukua nauli kila wiki. Kwa hiyo bosi anataka laivu kwa sababu ya matangazo, mimi nimeanza kuitaka kwa sababu ya midomo. Karatasi ya mwisho nitaiandika mwenyewe, nilale nayo chini ya mto, niigawe watu wakiwa wamekwisha simama mbele ya maiki. Hata Baba Pendo hataijua, na yeye ndiye... basi, na wewe nisikumalizie.

Usidhani sina hofu. Unaijua studio yetu, zile trei za mayai ukutani hazizuii chochote. Jogoo wa jirani akiwika tunamngoja amalize, kisha tunarudia. Siku hiyo atawika hewani, mkoa mzima umsikie. Sauti ya kasia tunaitoa kwa beseni la maji na mwiko wa ugali, na mpiga kasia wetu ni yule mdogo wake Neema, ambaye akianza kucheka hanyamazi. Umeme sitaki hata kuutaja. Jenereta ipo, lakini ikiwashwa inanguruma, na hadithi iko ziwani usiku, watu wamejificha kwenye matete! Labda niandike kwamba kuna boti ya injini inapita kwa mbali. Kweli, hilo si baya.

Nilipomweleza bosi hofu zangu akajibu kwamba watu hupenda makosa. Hapo ana hoja. Mwaka 2015 kwenye *EastEnders* hiyohiyo, mwigizaji Jo Joyner alitakiwa aulize "Ian anaendeleaje?" akasema "Adam", jina halisi la mwigizaji mwenzake. Waingereza wakacheka, mambo yakaisha. Lakini kwetu, Baba Pendo akimwita mkewe wa mchezoni jina lake la kweli, kanisa zima litataka maelezo.

Bosi sasa ana jipya. Amesikia kwamba Februari 2025, tamthilia hiyo ikitimiza miaka 40, watazamaji walipiga kura Denise amchague nani kati ya Jack na Ravi, waigizaji wakacheza kufuata kura. Naye anataka wasikilizaji watume meseji kuamua kama mwizi asamehewe. Nimekataa. Niandike miisho miwili kwa malipo ya mmoja? Halafu mtu ambaye hajalipwa nauli ya mwezi uliopita usimwambie habari za kura.

Sasa sikia ombi langu. Njoo uwe mama mkwe, siku hiyo moja tu. Hapa hakuna mwingine wa kuokoa mtu aliyesahau maneno. Bado nacheka nikikumbuka kule Nyegezi, Masanja alipoganda jukwaani ukamporomoshea maneno ya ukwe mpaka akili ikamrudia, na watu wakadhani ndivyo mchezo ulivyoandikwa. Kwenye laivu nahitaji mtu mmoja wa namna hiyo, wengine nitawavumilia.

Utakuja kwa meli au kwa basi? Baba Kulwa atakuruhusu, au nimpigie mimi? Mapacha utawaacha na nani, au uje nao, wapige kasia mmoja huku mmoja kule? Sauti yako imepona ile mafua? Na lile deni la kitenge, unalikumbuka au tulisahau wote? Una maoni gani kuhusu ile boti ya injini, itaaminika usiku kama ule? Nijibu kabla ya Ijumaa, maana bosi anataka majina, na kwenye nafasi ya mama mkwe nimeshaandika lako.

Wako,
Kabula