Tunaosomea mahusiano kazini tupelekwe pia kwenye matawi ya vyama

Mhariri,

Nilianza shahada ya mahusiano kazini nikiwa na miaka 38, baada ya kufanya kazi ya ghala kwa miaka 11. Nina jambo moja kuhusu mafunzo kwa vitendo ya fani hii, nalo limenikaa moyoni.

Mwaka wa pili sote tulipangiwa ofisi za utumishi. Hakuna hata mmoja aliyepelekwa kwenye tawi la chama cha wafanyakazi. Kwa wiki 8 nilipanga mafaili, niliandaa barua za onyo, nikaandika mihtasari ya vikao vya nidhamu. Siibezi kazi hiyo. Lakini darasani tulifundishwa kwamba Shirika la Kazi Duniani, tangu 1919, linawakalisha pamoja serikali, waajiri na wafanyakazi. Tulisoma Mkataba Na. 87 wa 1948 unaolinda uhuru wa kuunda vyama, na Na. 98 wa 1949 kuhusu majadiliano ya pamoja. Tulipotoka darasani, tukauona upande mmoja tu.

Kuna kikao sijakisahau. Kijana mwendesha mitambo alituhumiwa kuacha kituo chake cha kazi. Barua ya tuhuma alikabidhiwa asubuhi, kikao kikawa saa nane mchana siku hiyo hiyo. Alipoulizwa kama ana mwakilishi, alinigeukia mimi mwenye kalamu, kwa kuwa ni mimi pekee mle ndani ambaye sikuvaa kitambulisho cha ofisi. Nikaandika, "Hana mwakilishi." Akasaini ukurasa wa tatu bila kusoma wa kwanza. Nami niliwahi kusaini hivyo kule ghalani, najua mkono unavyokimbia mtu anapotaka tu kutoka chumbani.

Sheria ya kikao kile niliijua. Nisichokijua ni kazi ya mwakilishi: aanzie wapi, aombe muda kwa maneno gani, amuulize nani kuhusu mtu aliyepaswa kumpokea kijana yule zamu. Mambo hayo hufundishwa tawini, na mtu aliyekwisha kusimama mbele ya mwajiri na kukataliwa.

Najua vyuo vitasema matawi hayana watu wa kusimamia wanafunzi. Ni kweli mengi yanaendeshwa na katibu mmoja anayefanya kazi hiyo baada ya zamu. Basi mwanafunzi akae naye wiki 4, asome mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri, kifungu kwa kifungu, asikilize malalamiko, aandamane naye kwenye usuluhishi. Wiki 4 nyingine aende utumishi. Hata afisa utumishi mtarajiwa atafaidika, maana ataijua barua yake inavyosomwa na anayeipokea.

Leo mimi ni katibu wa tawi, mwaka wa nne huu. Kiti cha mwanafunzi kipo mezani kwangu, na hakuna chuo kilichowahi kukiulizia.

Katibu wa tawi, mhitimu wa mahusiano kazini