Kabla hujalipia hiyo leza

South C, Nairobi

Zuhura shoga yangu,

Umeniuliza ulipie ile ofa ya kliniki ya kuondoa nywele za usoni kwa leza au usilipie, na ukaniomba nisikuzungushe. Usilipie. Si kwamba leza ni uongo, la, inafanya kazi ikitumiwa panapofaa. Lakini hujaambiwa mashine yenyewe ni ipi, na hakuna aliyekuuliza hizo nywele zilianza lini. Mtu anayetaka pesa zako zote kabla ya kukuuliza chochote mimi simwamini, hata kama mapokezi yake yana marumaru na chai ya bure.

Nianze na kidevu, maana ndicho kinachokukosesha usingizi. Miguu na kwapa ni mambo mepesi, nitayafikia.

Unasema zamani ulikuwa na malaika tu, vile vinywele laini, kama wanawake wote, na kwamba miaka hii zinatoka nene, nyeusi, kidevuni na chini ya taya. Halafu ukasema hedhi nayo inakuja inapotaka. Hilo ulilitaja kama jambo la kupita njia, ukaendelea na habari za bei. Mimi nilisimama hapo. Nywele nene zikiota kidevuni, kifuani au chini ya kitovu, na hedhi ikapoteza mpangilio, mara nyingi homoni za kiume zimezidi, na sababu ya kawaida kabisa ni hali ya ovari inayoitwa PCOS. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, anayo kama mwanamke mmoja katika kila 10 walio kwenye umri wa kuzaa, na wengi hawajui. Hapa kwenye kemisti yetu Ngara nawaona. Anaingia, anajifanya anasoma maandishi ya sabuni mpaka wateja wengine watoke, ndipo anasogea kaunta na kunong'ona kama tuna krimu ya "vindevu". Awe wa buibui au wa suti ya ofisini, sauti ni ileile.

Kwa hiyo daktari kwanza, wa wanawake au wa homoni. Atakupima damu: testosteroni, homoni za tezi ya shingo, prolaktini (homoni ya maziwa), na sukari pia, kwa kuwa PCOS na kisukari hupenda kuandamana. Pengine akupige skani ya tumbo. Akikuandikia vidonge vya kupanga uzazi usishtuke, hutumika kuzituliza homoni hizo. Ipo na spironolaktoni, dawa inayozuia homoni za kiume, lakini hiyo haimezwi na mtu anayetafuta mimba, na mipango yenu wewe na Athumani naijua, basi mwambie daktari waziwazi. Wala usingoje miujiza ya wiki mbili. Dawa hizi huchukua kama miezi 6 kuonyesha tofauti, na unywele uliokwisha kukomaa hauondoki kwa kidonge. Hapo ndipo leza ina nafasi yake. Ukiianza huku homoni zinaendelea kuotesha, unateka maji kwa pakacha.

(Kama nywele zingekutoka ghafla ndani ya miezi michache, na sauti ikawa nzito, ningekwambia uende hospitali kesho. Yako ni ya miaka, ulivyonieleza.)

Sasa leza yenyewe. Mwanga wake huitafuta melanini, ile rangi iliyomo kwenye unywele. Rangi ikiunyonya mwanga hupata joto, na joto ndilo linalounguza mzizi. Kwa Mzungu mwenye nywele nyeusi kazi ni rahisi, ngozi yake haina rangi ya kuugombania mwanga. Mimi na wewe melanini tunayo mpaka kwenye ngozi, tena ya kutosha, na mashine haijui ipi ni ngozi na ipi ni nywele. Leza ya alexandrite ina urefu wa wimbi wa nanomita 755, na kwa weusi wetu inaweza kukuachia malengelenge, kisha madoa ya kukaa miezi. Leza ya aina nyingine, Nd:YAG, ni nanomita 1064. Hiyo hupenya chini zaidi na melanini ya juu haiinyonyi sana, ndiyo maana madaktari wa ngozi huichagua kwa watu weusi. Ukifika pale uliza tu: "Mashine yenu ni Nd:YAG?" Wakikujibu kwamba ni mashine ya kisasa kutoka Ulaya, beba mkoba wako. Wakikujibu vizuri, waambie wakujaribie sehemu ndogo chini ya taya, uende zako, urudi baada ya siku kadhaa kabla hawajagusa uso mzima. Na zile taa za kujipiga mwenyewe nyumbani, zinazotangazwa kila ukifungua simu, nyingi zimeandikwa kwenye maelezo yake kwamba hazifai ngozi nyeusi sana. Watu hawasomi.

Wamekuahidi pia kwamba nywele hazitaota tena maisha. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, inawaruhusu wenye leza waseme nywele hupungua kwa kudumu, haiwaruhusu waseme zinaisha zote. Na vikao huwa vingi, kila baada ya wiki 4 hadi 6, kwa sababu nywele haziko kwenye hatua moja ya kukua wakati mmoja, na leza huziweza zile tu zinazokua wakati huo. Jambo jingine ambalo hawatakwambia: usoni, hasa kwa mwanamke mwenye shida ya homoni, leza ikipita juu ya malaika wakati mwingine huwaamsha wakawa nywele kamili. Basi wasikupige mashavu eti kwa kuwa umelipia uso wote.

Kama nywele zako ni za kuhesabika, mimi ningekwenda na sindano ya umeme, elektrolisisi. Ni ya zamani kuliko unavyodhani. Mwaka 1875 daktari wa macho wa St. Louis, Charles Michel, aliitumia kuunguza mizizi ya kope zilizokuwa zikiota kuelekea ndani na kukwaruza jicho. Sindano nyembamba huingizwa kwenye kila kitundu cha unywele, kimoja baada ya kingine. Inachosha na inauma, lakini haijali rangi ya ngozi wala ya unywele, hata mvi hung'oka, na hao FDA wanakubali kwamba inamaliza kabisa. Shida ni kumpata mtu aliyesomea kweli, mwenye kufungua sindano mpya mbele ya macho yako.

Kwa sasa, kibano ukiweke mbali. Leza inahitaji mzizi uwepo ndani, nawe unaung'oa kila asubuhi. Halafu nywele zetu zimejikunja, na zikiota upya kutoka chini hujipinda zikarudi ndani ya ngozi, ndiyo hivyo vipele vyeusi unavyovifunika kwa poda. Nyoa. Najua mama zetu walituapia kwamba wembe unanenepesha nywele. Mildred Trotter, mtafiti wa Marekani, alilipima jambo hilo mwaka 1928 na hakuona unene, rangi wala kasi ikibadilika. Ncha iliyokatwa huwa butu, kwa hiyo ukipapasa unahisi michongoma. Tumia wembe mpya, ngozi iliyolowa, kata kuelekea nywele zinakolalia, na usiurudie palepale. Wala usimwazime mtu, hata dada yako: kirusi cha homa ya ini B huishi nje ya mwili siku 7 na zaidi. Maaskari wa kampuni za ulinzi wanaolazimishwa kunyoa kila siku nawahudumia hapa kwa vipele vya shingo, na ninachowaambia ni kimoja, waache mashine ya kinyozi ibakize milimita moja. Wakubwa wao hawataki kusikia.

Krimu za kunyonyoa? Huyeyusha keratini, protini inayojenga unywele, na ngozi nayo ina keratini. Chukua iliyoandikwa ya uso, jaribu kidogo, ngoja saa 24, na usipitishe dakika zilizoandikwa kwa kuwa simu iliita.

Miguu na kwapa, rudi kwenye sukari. Vikombe 2 vya sukari, robo kikombe ya ndimu, robo ya maji, moto mdogo mpaka iwe na rangi ya asali. Somo wako kabla ya harusi alikuwa akiikanda viganjani mpaka inang'aa kama lulu, akiipaka kuelekea juu, kisha mchomoko mmoja kufuata nywele zinakolalia, nawe ukimtaja mama yake. Haiunguzi kama nta ya saluni, na ikimwagika inaoshika kwa maji. Nywele ziache zifike kama milimita 5, zikiwa fupi hazishikiki. Ila kama bado unapaka ile krimu ya chunusi yenye tretinoini, sukari isifike usoni, itakuondokea na ngozi. Huko chini kuna siku 40 tulizofundishwa madrasa, zaidi ya hapo fanya lako. Mimi nanyoa, sina ubavu wa kuvuta.

Na ukiamua kutofanya lolote, Zuhura, ukavibakiza vindevu vyako, daktari bado umwone. Hedhi ndiyo inayonitia wasiwasi, nywele ni mlio wa kengele tu.

Niambie unapanda treni ya siku gani nikuombee miadi kwa daktari, nataka uonane naye kabla hujapita karibu na hiyo kliniki. Andika tarehe za hedhi zako za miezi ya karibuni, atakuuliza, na orodha ya dawa zote unazomeza, hata zile za mitishamba za shangazi. Nitakuja kukupokea stesheni ya Syokimau. Kabla ya kuondoka Mombasa pita soko la Kongowea uniletee ndimu, za huku ni ghali na kavu.

Nisalimie Athumani na watoto.

Wako,
Rukia