Nissan Z mpya ni nzuri, lakini 240Z bado zinasubiri vipuri

Mhariri,

Kila Nissan Z mpya inapotajwa kwenye kurasa za magari, husemwa kwamba Datsun 240Z (Datsun ni jina ambalo Nissan iliuzia magari yake zamani) imefufuka. Naomba nafasi nieleze ni nini hasa kilichofufuliwa na nini kilichoachwa, maana gari hili si geni Afrika Mashariki. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mbio za Safari wakiendesha 240Z, na nafasi ya pili ikachukuliwa na 240Z nyingine ya hayati Shekhar Mehta na Mike Doughty. Mwaka 1973, Safari ilipoingia katika msimu wa kwanza kabisa wa mashindano ya dunia ya rali, Mehta akiwa na Lofty Drews alishinda tena kwa 240Z. Gari la ushindi wa 1971 limehifadhiwa hadi leo katika ghala la urithi la Nissan huko Zama, Japani.

Ushindi ule ulikuwa na sababu za kiufundi. 240Z ilikuwa na uzito wa karibu kilo 1,045 tu. Injini yake, L24, ni ya silinda sita za mstari, sentimita za ujazo 2,393, kabureta mbili na kemshafti moja juu. Kila tairi lilikuwa na mguu wake wa kujitegemea, mbele na nyuma, wakati ambapo magari mengi ya bei hiyo yalikuwa bado na ekseli ngumu nyuma. Marekani iliuzwa dola 3,526. Gari jepesi, imara, ambalo fundi wa kawaida angeweza kulifungua kando ya barabara: hicho ndicho kipimo ambacho anayedai kulifufua anapaswa kukabiliana nacho.

Sasa tuiangalie Z mpya. Mfano wake wa majaribio ulionyeshwa Septemba 2020, gari kamili likazinduliwa New York Agosti 2021, na mauzo yakaanza 2022. Sura imechorwa kwa heshima kubwa. Mstari wa paa unashuka kama wa 240Z, na juu ya dashibodi kuna geji tatu za mviringo. Chini ya nguo hiyo lakini kuna jukwaa, yaani muundo wa chini, la 370Z, Z iliyotangulia, gari lililotoka mwishoni mwa 2008, na umbali kati ya ekseli ni ule ule, milimita 2,550. Kilichobadilika zaidi ni injini: V6 ya lita tatu yenye turbo mbili, nguvu farasi 400, pamoja na giaboksi ya mkono ya gia sita au otomatiki ya gia tisa. Uzito umefika karibu kilo 1,600.

Wapo wanaolaumu kutumika tena kwa jukwaa la zamani. Mimi naliona kuwa uamuzi sahihi. Soko la magari ya michezo ya viti viwili limepungua mno, na Ulaya Z mpya haikupelekwa kabisa kwa sababu ya masharti ya moshi. Jukwaa jipya kwa soko dogo hivyo lingepandisha bei hadi gari lisiwe la watu wa kawaida tena. Toyota ilipita njia nyingine: Supra ya 2019 ilitengenezwa pamoja na BMW, ikaungwa Graz, Austria, na injini yake ni ya BMW. Ni gari zuri sana kuendesha, ila fundi aliyeizoea injini ya 2JZ ya Supra iliyotangulia hana anachokitambua akifungua boneti. Aliyewahi kushusha miguu ya 370Z, kwa upande wake, hatapotea chini ya Z mpya.

Wanaoagiza Z mpya iliyotumika kutoka Japani, ambako inaitwa Fairlady Z, wajue mambo mawili. La kwanza ni petroli. Gari la soko la Japani limepangiwa petroli ya daraja la juu, ambayo kwa viwango vya huko haishuki chini ya oktani 96. Ukiweka ya oktani ndogo, sensa husikia injini ikigonga, kompyuta inachelewesha cheche, na zile nguvu farasi 400 huzipati; turbo nazo zinazidi kupata moto. La pili ni joto. Hewa inayotoka kwenye turbo hupozwa kwa maji yenye mzunguko wake, pampu yake na rejeta yake ndogo iliyo mbele. Vumbi letu na wadudu wa barabara kuu huziba mapezi ya rejeta hiyo kabla ya kuathiri rejeta kubwa, kwa hiyo geji ya joto la injini itakuonyesha hali ni shwari huku gari limekwisha kupoteza nguvu. Ioshwe kwa maji ya msukumo mdogo, kutoka nyuma kwenda mbele. Msukumo mkubwa hukunja mapezi.

Hayo yatosha kuhusu Z mpya. Kinachoniuma ni 240Z zilizobaki, pamoja na 260Z iliyoifuata, ambazo kila mwaka hupungua kwa sababu ya kufufuliwa vibaya. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane, basi anayeharibu moja iliyopo asitegemee kuagiza nyingine kirahisi. Na thamani yake imepanda: Januari 2020 240Z moja ya 1971 iliuzwa Marekani kwa dola 310,000, ingawa ile ilikuwa haijatembea sana na ilikuwa katika hali ya asili.

Kazi ianze kwenye bodi, kamwe isianze kwenye injini. Injini ya L24 ni ngumu kuua. Bodi ni rahisi. Kutu hupenda sehemu zilezile kila gari: sahani ya betri, ambako asidi hudondoka na kula ukuta wa mbele, sakafu pamoja na reli mbili za chini zinazoibeba, pembe ya chini ya bodi kati ya mlango na tairi la nyuma, ukingo wa ndani wa matairi ya nyuma, shimo la tairi la akiba, na bati lililo chini ya mlango wa nyuma. Chukua sumaku iliyofungwa kitambaa chembamba uipitishe sehemu zote hizo. Isiponata, chini ya rangi kuna puti. Reli za chini ndizo uti wa gari hili, maana halina chesi ya kujitegemea. Ukikata sakafu zote mbili kwa pamoja bila kushikilia bodi kwa mabomba ya kupachika kati ya fremu za milango, bodi hulegea, na ukimaliza kuchomelea milango haitafunga. Upande mmoja ukamilike kwanza, ndipo uende wa pili.

Pini ndefu za mikono ya chini ya nyuma ndizo zinazowatesa mafundi kuliko kitu kingine. Kila pini hupita katikati ya mguu wa shokamzoba na kufungwa na kabari ndogo yenye nati. Maji huingia, kutu hushika, na pini haitoki. Kosa la kawaida ni kugonga ncha yenye nyuzi kwa nyundo. Ncha hupanuka kama uyoga na baada ya hapo hakuna kinachoitoa. Toa kabari kwanza, loweka kwa mafuta ya kutu usiku kucha, kisha tumia kivutio kinachoshika nyuzi na kuvuta. Ikikataa, kata pini kwa msumeno pande zote mbili, kati ya bushi na chuma cha mguu, halafu peleka kipande kilichobaki kwenye presi. Weka pini mpya, bushi mpya, na grisi ya kutosha.

Watu hubadilisha kabureta bure. Hitachi za mviringo zilizokuja na gari hadi 1972 ni nzuri mno zikipangwa sawasawa. Za juu bapa zilizowekwa 1973 kwa ajili ya masharti ya moshi ya Marekani ndizo za kuondoa. Mpangilio una mfuatano wake, na ukiuruka utazunguka siku nzima. Anza na nafasi za tapeti, injini ikiwa baridi: milimita 0.20 kwa valvu za kuingiza, 0.25 za kutoa moshi. Kisha nafasi ya platini, milimita 0.45 hadi 0.55, na plagi 0.8 hadi 0.9. Mfuatano wa cheche ni 1-5-3-6-2-4. Hapo ndipo uguse kabureta. Kaza nati ya chini ya kila moja hadi ifike juu kabisa, kisha ishushe mizunguko miwili na nusu. Jaza vizuia-mtikisiko vya juu kwa oili nyembamba ya SAE 20. Sawazisha hewa ya kabureta zote mbili kwa kipimo au kwa mpira mwembamba uliouweka sikioni, mpaka mlio wa pande zote mbili ulingane. Zisipolingana hata ufanyeje, tazama shafti za vipepeo: zikilegea huvuta hewa ya pembeni, na dawa ni bushi mpya, si kabureta mpya.

Hofu ya kwamba petroli isiyo na risasi, tuliyonayo tangu 2006, itakula valvu za Datsun haina msingi mkubwa. Kichwa cha L24 ni cha alumini, na viti vya valvu vimepachikwa kwa madini magumu zaidi. Joto ndilo tatizo la kweli. Kabureta ziko upande mmoja na bomba la moshi, juu yake kabisa, hivyo ukizima gari mchana wa Mombasa au Dar es Salaam petroli huchemka na gari hukataa kuwaka kwa robo saa. Bati la kuzuia joto lililo chini ya kabureta lirudishwe, na mrija wa kurudisha petroli kwenye tangi usizibwe. Magari mengi yanayosumbua hivi, vitu hivyo viwili ndivyo vilivyotupwa na fundi wa mwisho.

Umeme wa taa kubwa wote hupita kwenye swichi ya usukani bila rilei (swichi ya umeme inayobeba mkondo mkubwa badala yake), na ndiyo maana swichi na sanduku la fyuzi huyeyuka. Rilei mbili, moja ya taa za juu na moja ya chini, pamoja na waya wa milimita mraba 2.5 kutoka betri, zinamaliza jambo hilo.

Breki za mbele zina suluhisho ambalo sisi tunalo uani. Kalipa za pistoni nne za Toyota Hilux 4x4 za mwanzoni mwa miaka ya 1980, zenye alama S12+8, huingia kwenye matundu yaleyale na kutumia diski ya asili ya 240Z. Kingao cha vumbi hukatwa kidogo, na mrija hubadilishwa. Zenye alama S12W ni pana, zinataka diski yenye matundu ya hewa, usizichanganye. Pistoni zikiwa kubwa, pedali hushuka zaidi, kwa hiyo silinda kuu ya inchi 7/8 ibadilishwe na ya 15/16. Jaribu rimu kabla ya kufunga. Nyingine za inchi 14 hugusa kalipa.

Ikiwa bloku ya L24 imepasuka, L28 ya sentimita za ujazo 2,753 hukaa bila kukata chochote. Nissan Patrol za petroli za miaka ya 1980, zilizotumika sana Oman na Ghuba, zilikuja nayo. Hamisha kateli (bakuli la oili) na bomba la kufyonzea oili kutoka injini yako ya zamani. Kuweka 2JZ humo ndani ni kuharibu: uzito wa mbele huongezeka, mabano yaliyochomelewa hupasua reli nilizozitaja, na gari hupoteza ule wepesi uliolipatia ushindi.

Nissan inaweza kufanya zaidi ya kutuonyesha sura. Miaka ya 1990 kampuni hiyo ilizikarabati 240Z kadhaa Marekani na kuziuza upya kwa wateja. Tangu 2017 inatengeneza upya vipuri vya Skyline GT-R R32 chini ya jina la NISMO, tawi lake la magari ya mbio. Toyota ilianza 2020 kwa 2000GT na Supra za zamani, na Mazda hukarabati Roadster za kwanza kiwandani. Naomba gazeti lenu, litakapowahoji wawakilishi wa Nissan, liwaulize lini 240Z itaingia katika orodha hiyo. Vya kuanzia si vingi: reli za chini, bati la pembe ya mbele ya tairi la nyuma, pini za mikono ya nyuma na bushi zake, mipira ya kioo cha mbele na ya mlango wa nyuma, na swichi ya taa.

Fundi na msomaji wenu,
Mombasa