Lebo mbovu zinawakimbizia wajasiriamali wateja

Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu wasindikaji wadogo wa vyakula wanaokosa soko, nami naomba kuongeza sababu moja: lebo mbovu. Juzi nilinunua chupa ya asali katika duka la mtaani kwetu. Tarehe ya mwisho wa matumizi ilichapwa kwa herufi za njano juu ya karatasi nyeupe, ndogo kiasi kwamba muuzaji mwenyewe aliisoma kwa kumulika tochi ya simu. Asali yenyewe ilikuwa nzuri mno, na hilo ndilo linaloniuma. Mteja asiyeweza kusoma viambato huirudisha chupa rafuni, na kwa mwenye mzio wa karanga au maziwa, herufi zisizosomeka ni hatari kwa maisha.

Mara nyingi kosa huanzia kwenye picha ndogo zilizochukuliwa mtandaoni na kupanuliwa hadi zikawa na ukungu, na rangi zilizochaguliwa kwenye kompyuta bila kuchapa sampuli. Naishauri SIDO, shirika la umma la Tanzania ambalo tangu 1973 linawalea wenye viwanda vidogo, iwape wajasiriamali wa kila mkoa msaada wa mbunifu wa michoro kwa ada nafuu, naye mjasiriamali asikubali kulipia maelfu ya lebo kabla ya kuibandika moja kwenye chupa na kuisoma akiwa amesimama hatua mbili kutoka rafuni.

Msomaji wenu,
Morogoro