Koki ya petroli inayovuja isizibwe kwa silikoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wenye pikipiki za zamani wasipuuze koki ya petroli (kile kifungio chini ya tangi kinachofungua na kufunga petroli iendayo kwenye injini) inayovuja, wala wasikubali fundi aizibe kwa silikoni ya kawaida, kwa kuwa petroli huilainisha hadi ikabanduka, na vipande vyake vikaenda kuziba kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa.

Yangu ilianza kwa unyevu mdogo tu chini ya mkono wa koki. Nilipoifungua, baada ya kumwaga petroli yote kwenye chombo chenye mfuniko, nje ya nyumba, injini ikiwa imepoa na waya wa betri umechomolewa, nilikuta mpira wa ndani, ule wenye matundu 4, umekakamaa na kuchimbika pale ulipobanwa kwa miaka mingi. Niliweka mpira mpya. Lakini mpira hauzuii kitu ukikutana na chuma chenye mikwaruzo, hivyo niliusugua uso wa ule mkono unaougusa mpira kwa msasa namba 1000 uliolazwa juu ya kioo, taratibu, mpaka ukawa laini.

Kuna uvujaji mwingine usioonekana, nao ndio unaonitia hofu zaidi: koki isiyofunga, ikikutana na sindano iliyochakaa, ile inayozuia petroli kuzidi ndani ya kabureta, huweza kupitisha petroli usiku kucha hadi ikaingia kwenye oili ya injini na kuifanya nyepesi. Oili ikinuka petroli, tafadhali pikipiki isiwashwe kabla oili hiyo haijamwagwa na koki kutengenezwa.

Msomaji wako,
Mpenzi wa pikipiki za zamani