Salamu za Krismasi: nyumba ya wageni

Bwana Yesu asifiwe, ndugu, jamaa na marafiki. Krismasi imefika tena. Najua wengi wenu mnazisoma salamu hizi mkiwa njiani, begi mapajani, basi limejaa, mnaelekea Moshi, Mbeya au Bukoba kula sikukuu na wazee. Mfike salama.

Majilio haya nimekaa sana na Injili ya Luka, na kuna maneno yamenishika. Sura ya 2, Mariamu anamlaza mtoto horini kwa sababu hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni. Sura ya 10, mtoto yule sasa ni mtu mzima, anasimulia habari ya Msamaria aliyempakia majeruhi juu ya mnyama wake na kumfikisha nyumba ya wageni. Katika Kigiriki cha Luka hayo ni maneno mawili tofauti. Waliotupatia Biblia ya Kiswahili waliyaweka kuwa mamoja, nami nawashukuru, maana ndiyo hayohayo yaliyopakwa rangi kwenye kuta za gesti zetu, kila penye stendi. Aliyekosa chumba usiku wa kuzaliwa kwake ndiye anayetuhadithia mtu aliyepatiwa chumba, kikalipiwa na mgeni.

Tena mgeni gani! Wayahudi na Wasamaria walikuwa na kinyongo cha vizazi. Zaidi ya miaka 100 kabla ya Kristo, Yohana Hirkano, mtawala wa Wayahudi, alilibomoa hekalu la Wasamaria kwenye Mlima Gerizimu. Na sura moja tu kabla ya mfano huu, kijiji cha Wasamaria kinamnyima Yesu mwenyewe mahali pa kulala, hata Yakobo na Yohana wanataka moto ushuke uwateketeze. Kidonda hicho kilikuwa bado kibichi. Yesu akamchukua Msamaria akampa nafasi ya heshima katika hadithi.

Njia ya kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko, ambako majeruhi wa mfano huu alivamiwa, ni kama kilomita 27, na inateremka zaidi ya mita 1,000, kwa kuwa Yeriko iko chini ya usawa wa bahari. Ni makorongo na mawe makavu, pazuri kwa mnyang'anyi kujibanza. Yule mtu alivuliwa nguo akaachwa nusu mfu. Hili huwa tunalipita haraka. Mavazi na lafudhi ndivyo vinavyotuambia mtu ni wa wapi, na huyu hana nguo, wala hawezi kusema. Hakuna wa kujua kabila lake.

Nimesikia mahubiri yakimtetea kuhani aliyemwona majeruhi akapita kando, kwamba aliogopa kunajisika kabla ya ibada. Lakini Luka anasema alikuwa anashuka. Yerusalemu ameipa kisogo, ibada iko nyuma yake.

Namwelewa, maana nami nimewahi kupita kando. Ilikuwa Desemba, basi letu limesimama watu wachimbe dawa. Kijana alikuwa amelala ubavu kando ya ukuta wa stendi, kiatu kimoja mguuni, damu imemkaukia kwenye paji la uso. Abiria wakasema kalewa. Mwingine akataja polisi na PF3, ile fomu yao ya majeruhi, asije mtu akaulizwa maswali sikukuu ikampita. Nikatazama saa.

Mama mmoja muuza chai akaliacha jiko lake. Akafungua kanga aliyojitanda, akailowesha maji, akapiga magoti, akaanza kumfuta uso taratibu, akianzia kwenye nyusi. "Mwanangu, unaitwa nani?" Kijana akajibu kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeijua. "Basi usiseme, baba. Kunywa kwanza." Akaita bajaji, akafungua fundo kwenye pindo la kanga, akahesabu noti zilizojikunja. Akamwambia dereva, "Ukifika zahanati, waambie huyu ni wangu. Nafunga biashara, nakuja."

Honi ikapigwa, nikapanda basi.

Tangu siku hiyo swali la mwanasheria lililomfanya Yesu atoe mfano huu, "Jirani yangu ni nani?", silisikii tena bila sauti ya mama yule: waambie huyu ni wangu. Na ile ahadi ya Msamaria naisoma polepole. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa kutwa. Alimpa mwenye nyumba ya wageni mbili, kisha akaacha deni wazi, kwamba gharama ikizidi, atakaporudi atalipa. Angeweza kutoa zile mbili akaondoka na dhamiri safi, nasi tungemsifu vilevile. Yeye alikusudia kurudi. Vikapu vyetu vya Krismasi, mchele, mafuta na sabuni tunazopeleka hospitalini na kwenye vituo vya watoto, ni vizuri na tusiviache. Ila najiuliza, mwezi wa pili nani huwa anarudi kule?

Mwaka huu napita njia ileile kwenda nyumbani. Nimekata tiketi ya siku moja mapema, nishuke pale stendi, nimtafute mama wa chai. Nitamwomba anisimulie kijana yule aliendeleaje, na kama bado kuna deni huko zahanati.

Nawatakia nyote, na wageni mtakaowakuta njiani, heri ya Krismasi na baraka za mwaka mpya. Wasalimieni wazee.