Wifi yangu, uliondoka na ufunguo

Mbukwa, nakusalimu, wifi yangu.

Nimekupigia hupokei. Nimemtuma kaka yangu, akarudi na jibu moja tu, kwamba umesema sawa. Naandika hapa kwa sababu najua unapita usiku watoto wakishalala. Deni lako sitaliandika, na jina lako halitaonekana popote. Hesabu nitakazoweka ni za mtu yeyote wa Dodoma aliyekopa kausha damu, ile mikopo ya mitaani ya riba kubwa.

Jumamosi ile ya kikao cha kikundi chetu cha kulipa madeni unaijua. Wiki ilikuwa ya misiba miwili, wa Mpwapwa na ule wa jirani, na michango yote miwili ilipita mikononi mwako. Ukaleta shilingi 10,000 kutoka kwenye pindo la kitenge badala ya rejesho kamili. Nikasoma daftari kama nilivyosoma kwa kila mtu: jina, kilicholetwa, kilichopungua, deni lililobaki. Hukujibu. Uliinuka, ukaiacha noti juu ya mkeka, ukaondoka na ufunguo wa kufuli la pili la sanduku la fedha. Watu kumi na mmoja tulikaa pale chini ya mwarobaini, sanduku mbele yetu limefungwa, mpaka giza likaingia. Wawili kati yetu walikuwa na marejesho ya Jumatatu asubuhi na fedha zao zote zilikuwa ndani. Jumapili mchana fundi wa kuchomelea alilikata kufuli kwa msumeno wa chuma.

Kuhusu kukusoma mbele za watu, katiba yetu ilisema kila deni lisomwe kwa sauti, na wewe ulinyoosha mkono siku tunaipitisha. Katibu akiruka jina la wifi yake, wa kesho atauliza kwa nini lake halikurukwa. Kikundi cha kulipa madeni kinaishi kwa daftari. Hatukopeshani, hatuna hisa, hatugawani faida mwisho wa mwaka kama kikoba. Tunachokigawana ni macho tu. Ningefanya nini?

Lakini nimelipitia tena daftari lako ukurasa kwa ukurasa, na nadhani hukuondoka kwa sababu ya ile Jumamosi peke yake. Ugomvi wetu ulianza mwezi wa kwanza, uliposema uanze na madeni madogo nami nikakataa. Tuuweke mezani sasa.

Chukua mtu mwenye madeni matatu: 60,000 dukani, 45,000 ya simu, na 300,000 ya kausha damu kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Ana 150,000 kila mwezi za kulipia, yaani 37,500 kila Jumamosi. Yale madogo mawili tuyachukulie hayaongezeki. Akianza nayo, mwezi wa kwanza anayamaliza yote kwa 105,000 na kupeleka 45,000 zilizobaki kwenye kausha damu. Lile deni linakuwa 390,000 baada ya riba, anatoa 45,000, linabaki 345,000. Mwisho wa mwezi wa pili ni 298,500. Mwisho wa mwezi wa tatu ni 238,050.

Akianza na kausha damu: 240,000, kisha 162,000, kisha 60,600. Ongeza yale madogo ambayo hajayagusa, jumla anadaiwa 165,600. Tofauti ni 72,450 ndani ya miezi mitatu. Ndiyo maana niling'ang'ania, na kwa hesabu sikukosea.

Nilichokosea ni hiki. Kwa miezi mitatu ile mtu huyo hajakata jina hata moja la wanaomdai. Kila Jumamosi anatoa, na kila Jumamosi majina ni yale yale matatu. Jirani yake kwenye mkeka aliyeanza na deni la mangi wa dukani tayari amepiga mstari mwekundu na watu wamempigia vigelegele. Uchovu wa namna hiyo hauonekani kwenye daftari. Unaonekana siku mtu anapoleta 10,000.

Kwa hiyo mpango tunaoutumia sasa ni mwingine. Katika 37,500 za wiki, 5,000 zinakwenda kwenye deni dogo moja tu, na 32,500 kwenye lile linalokula. Deni la dukani la 60,000 linaisha Jumamosi ya kumi na mbili. Kausha damu inakwenda 260,000, 208,000, 140,400. Ukijumlisha na ile 45,000 ya simu, anadaiwa 185,400. Amepoteza 19,800 kuliko mpango wangu mkali. Hiyo ndiyo bei ya kukata jina moja ndani ya miezi mitatu, na kwa watu wengi niliowaona mkekani inafaa kulipwa. Ungeniambia hivyo kwa utulivu siku ile, badala ya kusema mimi nina roho ya benki, tungefika hapa mapema.

Kuna sharti moja mpango huu hauendi bila kutimizwa. Mkopeshaji lazima akubali kwa maandishi kwamba unachozidisha juu ya riba kinapunguza mtaji. Wengi wanapokea 90,000 kila mwezi wanaiita riba, na ile 300,000 inabaki palepale. Miezi minne umetoa 360,000 na bado unadaiwa 300,000 ileile. Nenda na mtu wa kikundi, msiende mkiwa mmoja mmoja, na kila mkilipa risiti iandikwe vitu vitatu: kiasi kilichopokelewa, riba ni ngapi, mtaji uliobaki ni ngapi. Akikataa kuandika, lipa kwa simu ili ujumbe wa muamala ubaki, na upige picha ya daftari lake.

Muulize leseni pia, bila woga. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamweka mkopeshaji wa mitaani asiyepokea amana katika daraja la pili, naye anatakiwa awe na leseni ya Benki Kuu. Ukomo wa riba kwa daraja hilo ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 300,000 hiyo ni 10,500. Linganisha na 90,000. Unapopiga hesabu, tia ndani ada ya fomu na faini za kuchelewa, maana riba hujificha humo.

Na kadi ya benki. Wale walimu wawili unaowajua walikuwa wamekabidhi kadi na namba ya siri, kwa hiyo mshahara ukiingia anayefika kwanza kwenye mashine ni mkopeshaji. Kanuni ya mtumishi kubaki na theluthi moja ya mshahara inasimamia makato yanayopita kwa mwajiri. Kadi ukishaitoa mkononi hakuna theluthi inayokukinga. Walikwenda benki, wakafunga zile kadi na kuomba mpya, na siku hiyohiyo wakampelekea mkopeshaji barua ya kupanga marejesho. Barua ile ni muhimu. Ukifunga kadi ukanyamaza, unaonekana umekimbia.

Wewe hukukimbia, wifi. Nalijua hilo. Aliyekimbia haachi noti juu ya mkeka.

Kuhusu usomaji, tumebadilisha. Sasa nasoma kilicholipwa tu tangu mtu aanze, kwa jumla, kisha naeleza limebaki jina gani la kukatwa. Kilichobaki kimeandikwa kwenye kijitabu cha mwenyewe, na mimi na mweka hazina tunakiona, basi. Aliyepungukiwa anasema kabla ya kikao, kwangu au kwa mwenyekiti, na anaweka kiasi chochote, hata 2,000. Kiti kikiwa tupu Jumamosi mbili mfululizo, watu wawili wanakwenda nyumbani kwa mhusika siku ya tatu baada ya hapo, na hawaendi kudai. Kwako tulichelewa. Nilisema aende mwingine kwa sababu mimi ni wifi, mwingine akasema niende mimi kwa sababu ni wifi.

Misiba nayo tumeiwekea mahali pake. Kila mtu anaweka 1,000 kwa wiki kwenye bahasha ya pembeni. Watu kumi na wawili ni 48,000 kwa mwezi. Msiba ukimfika mwanachama, au wa ndugu wa damu, mchango wake unatoka humo hadi 10,000, na rejesho haliguswi. Harusi hazimo. Tulibishana sana juu ya harusi, na bado kuna anayenuna, lakini kadi ya harusi inakuja na miezi miwili ya kujiandaa, msiba hauji hivyo.

Jambo jingine ambalo ungekuwepo ungelisema wewe, maana biashara unaijua kuliko mimi: rejesho la kiasi kilekile mwaka mzima halifai kwa watu wa hapa. Mama ntilie na bodaboda wetu wanashiba Bunge likiwa mjini, hasa lile la bajeti la Aprili hadi mwisho wa Juni, wageni wakijaa. Miezi hiyo wanaweka 50,000 kwa wiki. Julai wanarudi 25,000. Yule wa zabibu wa Makutupora ana mavuno mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo kati ya mavuno anaweka 5,000 tu ili kiti chake kisiwe tupu, na deni anashambulia wakati wa kuuza. Tulimkataza kitu kimoja, kupokea fedha za dalali zabibu zikiwa bado mtini, kwa sababu bei hiyo hupangwa na mwenye fedha. Wa mahindi na alizeti anangoja mavuno baada ya masika. Januari hatumdai mtu nyongeza. Ni mwezi wa ada na sare.

Fedha hazilali tena sandukani mwezi mzima. Nilikuwa naamini sanduku lenye kufuli tatu ndilo usalama, kumbe lilitufunga sisi. Sasa kila Jumamosi mweka hazina anatuma marejesho kwa simu mbele ya wote, mmoja mmoja, na ujumbe wa kupokelewa unasomwa kabla ya kuitwa jina linalofuata. Makato ya muamala anayabeba mlipaji, kwa hiyo tunayahesabu ndani ya rejesho lake la wiki, na ni bora hivyo kuliko fedha kukaa sandukani siku ishirini zikisikilizia shida za nyumbani. Sanduku limebaki na vijitabu, risiti, na bahasha ya misiba. Deni likiisha, mkopeshaji anaandika limekwisha, anaweka tarehe na saini, anarudisha dhamana, iwe kadi ya pikipiki au hati ya kiwanja. Karatasi hiyo haitoki sandukani. Mmoja wetu alidaiwa tena deni alilolimaliza, na karatasi ndiyo iliyomwokoa.

Noti yako ya 10,000 haikulala juu ya mkeka. Tuliijumlisha na ulichokuwa umeweka Jumamosi iliyotangulia, tukalipa kabla ya tarehe yako, na risiti imeandikwa vile vitu vitatu. Iko ndani ya bahasha yenye jina lako, imefungwa kwa gundi, sijamsomea mtu. Kilichobaki ni kidogo kuliko unavyodhani, ila kinazaa kila mwezi, na hilo huhitaji nikufundishe.

Ulinikosea kwa kuwafungia watu fedha zao. Sitasema hukunikosea. Yule mama mwenye rejesho la Jumatatu alipigwa faini kwa kuchelewa, na tuliilipa kwa kuchangishana. Ukija, zungumza naye kwanza kabla yangu.

Tunakaa palepale, Jumamosi saa kumi jioni. Kufuli la pili tulinunua jipya, na ufunguo wake bado uko kwa mwenyekiti. Tumepiga kura mara mbili ni nani apewe, na mara zote mbili watu wamesema tungoje kwanza.

Wako,
Wifi